Mdhamini Aliyekaa Mlangoni

Jino la Profesa halikuwa na kasoro yoyote. Lilikuwa jeupe, imara, na halijawahi kumsumbua tangu liote. Lakini jana yake jioni alikuwa amemwambia mpenzi wake, tena kwa sauti ya kuugulia na kiganja shavuni, kwamba asubuhi anakwenda kuling'oa, kwa hiyo asimpigie simu, asimfuate, wala asihangaike.

"Pole mpenzi," Mchwa alikuwa amemjibu. "Hata mimi sitakuwepo. Paa la mjomba linavuja, nimeahidi kwenda kumsaidia kuezeka."

Profesa alifurahi sana kupata upenyo, hata hakujiuliza ni lini Mchwa, ambaye hushikwa na kizunguzungu akisimama juu ya kiti kubadilisha balbu, alianza kupanda mapaa ya watu.

Ukweli ni kwamba chuo kikuu kilikuwa kimetangaza nafasi ya mhadhiri na mtafiti wa wadudu. Nafasi moja, basi. Tangu amalize shahada yake ya uzamivu juu ya nyuki, Profesa alikuwa akifundisha masomo ya ziada sebuleni kwao, akiwaeleza watoto wa watu tofauti ya mzizi na shina, nao wakimwuliza kama hilo litatoka kwenye mtihani. Jina la Profesa hakupewa na chuo. Alipewa na familia akiwa bado anavaa sare za shule ya msingi, kwa sababu ya miwani na mdomo.

Asubuhi hiyo alikuwa amekaa kwenye benchi la korido, nje ya chumba cha usaili, gauni limepigwa pasi hadi linakwaruza, na viatu virefu ambavyo alikuwa ameanza kuvijutia tangu getini. Kando yake alikaa Shangazi.

Shangazi alikuwa mkunga mstaafu. Ndiye aliyemlea Profesa baada ya mama yake kufariki, na hata baba mtu, kwa ukali wake wote, hakuthubutu kutamka neno lolote juu ya ndoa ya binti yake kabla dada yake hajalitamka kwanza.

"Ukishapata kazi hii, mwanangu," Shangazi alisema, akimwondolea kiuzi begani, "tunamalizana na lile suala la Bwana Vigae."

"Shangazi, leo nimekuja kwenye usaili."

"Najua. Na yeye anasubiri kukusaili. Mtu mzima, ana duka la vigae, ana heshima, akija nyumbani anavua viatu bila kuambiwa. Unataka nini tena? Usije ukaniletea msomi mwenzio. Wasomi hawaoi. Wanachumbiana mpaka wanaota mvi, wakiulizwa wanasema bado wanakusanya takwimu."

Profesa akauvuta upindo wa gauni lake. Msomi mwenyewe alikuwepo, tena mwaka wa tatu sasa, na takwimu alizokusanya zilikuwa za kutosha. Shangazi ndiye aliyekuwa hajui.

Ndipo mlango wa mwisho wa korido ukafunguliwa, na mwanamume mmoja mrefu akaingia amevaa suti iliyoazimwa kwa mtu mfupi. Mikono ya koti iliishia njiani. Alikuwa akinong'ona peke yake, kama mtu anayekariri. Alipoinua uso, midomo ikasimama.

Profesa moyo ukampasuka paa.

Alikuwa Mchwa. Walimpa jina hilo kwa kuwa alikuwa ametumia ujana wake kuchunguza vichuguu, na pia kwa kuwa chakula kikiachwa karibu naye hakifiki jioni. Alisimama pale katikati ya korido, jasho jembamba linamtoka, akimtazama Profesa, kisha shavu la Profesa, kisha tena Profesa.

"Shikamoo, mama," hatimaye akamwambia Shangazi, maana macho ya Shangazi yalikuwa yameshamkamata.

"Marahaba, baba. Kaa hapa." Shangazi akasogea, akampa nafasi upande wake wa pili. "Na wewe umekuja kumnyang'anya mwanangu kazi?"

"Nimekuja... nimekuja kujaribu tu, mama."

"Wote wanajaribu tu. Suti hii ni ya nani?"

"Ya mjomba."

"Huyo huyo wa paa?" Profesa akajikuta ameuliza.

Shangazi akageuka. "Mnafahamiana?"

"Hapana," Profesa akasema haraka. "Nimesikia tu kwamba wajomba wengi mwaka huu mapaa yanavuja."

Mchwa akakohoa. Akaangalia dari. "Mimi, mama, asubuhi nilikuwa na mawazo sana," akasema taratibu, kana kwamba anazungumza na taa. "Kuna mtu wangu wa karibu yuko kwa daktari wa meno. Nimekesha nikimwombea."

"Masikini! Limeshang'oka?"

"Naona bado lipo. Tena linang'aa."

"Unaonaje wakati uko hapa?"

"Nina imani, mama."

"Na mimi nina mtu wangu yuko juu ya paa," Profesa akadakia, akiutazama ukuta wa mbele. "Nilimwamini kabisa. Hata chai yangu ilinishinda kwa kumwogopea asianguke. Kumbe wakati naogopa, mwenzangu anafunga tai."

"Nani yuko juu ya paa?" Shangazi aliuliza.

"Humjui, Shangazi."

"Mtu wako wa karibu, mimi nisimjue?"

"Huenda mtu huyo alificha," Mchwa akaiambia taa, "kwa sababu alijua akisema ukweli, mwenzake hatajitoa, na ugomvi utaanza pale pale."

"Kwa nini ajitoe? Ameona tangazo kwa macho yake, ana sifa zote, ajitoe ampishe nani?"

"Ndiyo maana alificha!"

"Na huyo mwenye jino naye huenda alificha," Profesa alisema, "kwa sababu alijua akisema, mtu wa paa atajitoa kwa upendo wake wa kijinga, halafu kila wakigombana kuhusu vyombo atakumbushwa. Kazi hii umeipata kwa hisani yangu. Sahani hizi ungeziosha basi, kwa hisani yangu!"

Mchwa akashindwa kujizuia, akageuza shingo. Wakatazamana juu ya kilemba cha Shangazi. Hasira ilikuwa imejaa macho yote manne, lakini Profesa aliona pia kwamba tai imefungwa vibaya, na vidole vyake vikawashwa kuirekebisha.

Shangazi alimwangalia mmoja, akamwangalia na wa pili. Kisha akauvuta mkoba wake kifuani.

"Elimu nyingi hii," akasema kwa huruma. "Inaharibu watoto wa watu."

Katibu wa idara akafungua mlango wa chumba cha usaili, akamwita Mchwa kwa jina lake la vyetini, jina ambalo Profesa alikuwa amelisahau kabisa. Mchwa akainuka, akajigonga goti kwenye benchi, akaingia.

Ukuta wa chumba kile ulikuwa wa mbao nyepesi, na mwenyekiti wa jopo alikuwa mzee ambaye amefundisha kumbi kubwa bila kipaza sauti maisha yake yote. Kila alichosema kilitoka nje vizuri.

"Umeandika hapa mdhamini wako wa pili ni mtafiti mwenza," sauti ilisikika. "Namba ya simu ipo. Kwa kawaida tunawapigia baadaye, lakini mimi napenda kumaliza mambo."

"Hapana, mzee!" Hiyo ilikuwa sauti ya Mchwa. "Mtandao huko aliko ni mbovu sana."

"Tutajaribu."

"Yuko kwa daktari wa meno! Hawezi kuongea, mdomo umekufa ganzi!"

Simu ya Profesa ikaanza kulia ndani ya mkoba.

Akaishika kama mtu aliyeokota kaa la moto. Mtafiti mwenza. Mwanamume huyu alikuwa amemweka mdhamini bila hata kumwomba. Na ubaya wa simu ile ni kwamba tangu ilipotumbukia kwenye ndoo ya kudekia, haikusikika ila kwa spika.

"Pokea," Shangazi alisema. "Huenda ni Bwana Vigae."

Profesa akapokea.

"Habari za asubuhi," simu ikanguruma, na sauti ile ile ikanguruma tena kupitia ukutani, ikifuatia nyuma kidogo. "Tunapiga kutoka chuo kikuu. Tuna kijana hapa, mtu wa mchwa, amesema mmefanya utafiti pamoja. Unamfahamu?"

Profesa akautazama ukuta wa mbao. "Namfahamu."

Shangazi akageuka taratibu.

"Kazi yake unaionaje? Sema kwa uhuru, hakusikii."

Mchwa alikuwa anasikia kila pumzi, hilo Profesa alilijua. Na alijua jambo jingine pia: kwamba kazi aliyoisubiri miaka yote ilikuwa sasa mkononi mwake. Hakuhitaji hata kusema uongo. Neno moja dogo lingetosha. Ni mzuri, ila. Ni mchapakazi, ila. Baada ya hapo angeweza hata kunyamaza, jopo lenyewe lingemalizia.

Akafumba macho. Kwa bahati mbaya, akamwona Mchwa wa msimu ule wa mvua, amekiinamia kichuguu na mwavuli, kichuguu kikavu, yeye mwenyewe amelowa chapachapa, akiwaambia wadudu wavumilie kidogo.

"Ni mtafiti wa kweli," akasema. "Siku moja aligundua kosa kwenye hesabu zake. Makala ilikuwa imeshakubaliwa na jarida, na kosa lenyewe hakuna mtu mwingine ambaye angeliona mpaka kiama. Akaiondoa mwenyewe. Akarudi porini akaanza upya, na aliporudi alikuwa amekonda mpaka nikaogopa. Mimi nilimwambia aiache. Nilimwambia mara nyingi tu. Nashukuru hakunisikiliza."

"Vizuri. Udhaifu wake?"

"Hajui kudanganya. Akijaribu, anazua vitu vya ajabu kabisa, mapaa yanavuja, wajomba wanaezekwa..."

"Samahani?"

"Anakula chakula cha wenzake, mzee. Akikaa jirani na sahani yako, ihesabu imekwenda."

Ndani kukasikika kicheko cha mwanamke. Mwenyekiti akakohoa.

"Swali la mwisho. Wewe binafsi, ungependa kuendelea kufanya naye kazi?"

"Ningependa kufanya naye kila kitu," Profesa akasema. Alikusudia kusema kila utafiti. Lakini neno likishatoka kwenye spika halirudi.

"Kila kitu kipi?" Shangazi aliuliza.

Ndani, kiti kimoja kikakwaruza sakafu.

"Naona kuna mwangwi," simu ilisema kwa mashaka. "Kwani uko wapi, dada?"

"Niko mlangoni kwenu, mzee. Mimi ndiye ninayefuata."

Mlango ukafunguliwa. Mwenyekiti alisimama na simu sikioni, miwani imeteremka puani. Nyuma yake waliketi wajumbe wengine wawili, mama mtaalamu wa samaki ambaye alikuwa akijifuta machozi ya kucheka, na ofisa wa utumishi ambaye hakuwa amecheka. Na kwenye kiti cha katikati alikuwa Mchwa, mikono inatokeza kwenye suti fupi, akimtazama Profesa kama mtu aliyepewa zawadi mbele za watu asijue aishike vipi.

"Huyu," Shangazi akasema, akimnyooshea Mchwa kidole kupita bega la mwenyekiti, "ndiye anayekupigia simu ukiwa bafuni, ukitoka unaniambia ni wanafunzi?"

"Ndiye, Shangazi."

"Mama," mwenyekiti alisema kwa upole, "tuko kwenye usaili."

"Hata mimi, baba. Endelea na wako, wangu nitaufanya nje."

Mchwa alipotoka na Profesa kuingia, walipishana mlangoni. Kila mmoja aliukaza uso mbele. Lakini mkono wa Profesa, bila kumwomba ruhusa, uliinuka ukainyoosha ile tai.

Akakaa. Ofisa wa utumishi akafungua kalamu yake.

"Umetoka kumsifu mshindani wako mbele ya jopo hili," alisema. "Kwa nini basi tukuchukue wewe?"

"Nimesema yeye ni mzuri," Profesa akajibu. "Sijasema ni mzuri kuliko mimi."

Mama wa samaki akaegemea mbele.

"Umeme umekatika," ofisa akaendelea. "Ukumbi una wanafunzi mia tatu. Ulichoandaa chote kipo kwenye kompyuta. Mada ni jinsi nyuki anavyowaelekeza wenzake mahali penye maua. Utafanyaje?"

Profesa akavua viatu. Aliviweka vizuri chini ya kiti, akasimama katikati ya chumba kwenye sakafu ya baridi.

"Mzinga una giza," alisema. "Umeme haujawahi kuwepo humo. Nyuki huyu ametoka kuona shamba la maboga limechanua. Hana ramani, hana mdomo wa kusema. Ana kiuno tu."

Akacheza. Alitembea mstari ulionyooka akikitikisa kiuno kwa nguvu, akazunguka kulia akarudi alikoanzia, akatikisa tena, akazunguka kushoto. Alieleza huku anahema kwamba mwelekeo wa mstari unalinganishwa na jua, na kwamba safari ikiwa ndefu, kiuno nacho hutikisika kwa muda mrefu zaidi. Akamwomba ofisa wa utumishi aonyeshe shamba liko wapi. Ofisa akaonyesha dirishani, bila kujua kwamba mkono wake umeinuka. "Mbali kiasi gani?" Mwenyekiti akatikisa mabega yake mazee kidogo, akasita, akatikisa tena. "Hapana mzee, hapo umetupeleka jirani tu, maboga yako mbali." Mwenyekiti akaongeza.

Alipotoka, nywele zimemtimka na viatu mkononi, aliwakuta Shangazi na Mchwa wameketi wakiuelekea mlango. Mlango ulikuwa umeachwa wazi kidogo. Wote wawili walikuwa wameona.

"Ulilisahau jua," Mchwa akasema kwa sauti ndogo. "Mara ya pili. Lilipaswa kuwa kushoto."

"Najua. Nilikumbuka nilipokuwa nimeshageuka."

"Hawakugundua."

"Wewe umegundua."

"Mimi nilikuwa naangalia sana."

Chuo kilikuwa kinafungua muhula Jumatatu na darasa halikuwa na mwalimu, kwa hiyo jopo halikutaka kuandikiana barua. Wasailiwa wengine waliingia wakatoka, chai ikapelekwa ndani, vikombe vikarudi. Mwishowe mwenyekiti akatoka mwenyewe. Akampa Profesa mkono, akamwambia ajitayarishe, darasa la kwanza ni lake. Kisha akamgeukia Mchwa.

"Kijana, wewe ungekuwa wa kwanza siku nyingine yoyote. Leo tulikuwa na huyu."

"Nimeelewa, mzee," Mchwa akasema. Alisema vizuri, na alimshika mwenyekiti mkono kwa mikono miwili. Lakini Profesa aliyekuwa akimjua aliona vidole vyake vikiuvuta ule mkono wa koti ulioishia njiani.

Furaha ya Profesa ikamkaa kifuani kama tonge lililokataa kushuka. Alitaka kuruka. Alitaka kulia. Hakujua aanze na lipi, na Shangazi hakumpa nafasi.

"Wewe," Shangazi akamwambia Mchwa. "Simama. Kazi huna."

"Sina, mama."

"Suti huna."

"Sina."

"Mwanangu amekushinda mbele ya macho yangu. Sasa una nini?"

Mchwa akafikiri kwa uaminifu. "Nina vichuguu vyangu, mama. Na kuna kituo cha mazao kinatafuta mtafiti, nitaomba huko wiki hii. Nikikosa nitaomba kwingine. Na nampenda. Ningekuja nyumbani kusema hivyo zamani, ila nilitaka nije na kazi mkononi."

"Kwa hiyo wasomi mnaoa?"

"Takwimu zipo tayari, mama."

Shangazi akajitahidi asicheke, uso ukamponyoka kidogo pembeni. Akamshika Profesa mkono.

"Sikiliza. Mimi simjui huyu. Ninayemjua ni wewe. Nimekulea, na tangu ujifunze kusema hujawahi kumsifu mtu bila kumtoboa. Siku nilipostaafu ulisimama mbele ya wageni ukasema Shangazi ni mkunga hodari, ila anafokea wajawazito. Leo una sababu zote za kumwangusha huyu, na umesema neno lake zuri mpaka mwisho." Akashusha pumzi. "Bwana Vigae nitamwambia mimi. Na baba yako pia. Lakini wewe kijana, siku ya kuja, tafuta suti inayokufika."

"Nitatafuta, mama."

"Shangazi. Niite Shangazi."

Akatangulia getini, mkoba kwapani, akiwaacha kwa makusudi na akijifanya hajafanya hivyo.

Walishuka ngazi za jengo la utawala. Nje jua lilikuwa limepanda, wanafunzi wanapita na mabegi yao, na juu ya maua ya kando ya ngazi nyuki wawili watatu walikuwa kazini. Mchwa akakaa kwenye ngazi ya chini kabisa, akalegeza tai.

"Hongera," alisema.

"Usiseme kama hutaki."

"Nataka. Nataka sana, ila leo siwezi kuisema vizuri. Nilikuwa naitaka kazi hii, mpenzi. Niliitaka kweli. Nipe leo nikasirike. Kesho nitakufurahia mpaka uchoke."

Profesa akakaa kando yake, viatu vyake akaviweka katikati yao. "Umenikasirikia mimi?"

"Wewe, na jopo, na mjomba kwa mikono yake mifupi. Wote."

"Naweza kukaa hapa wakati umekasirika?"

Mchwa akafikiri. "Kaa. Lakini usitabasamu."

Profesa akaukaza mdomo. Aliangalia chini, akaangalia wanafunzi, akauma mdomo wa chini kwa meno yake yote mazima. Darasa la kwanza lilikuwa lake. Mwanamume wake alikuwa wake. Aliweza kujizuia mpaka mwanafunzi mmoja alipopita na begi mgongoni, na hapo akashindwa.

"Nimekuona," Mchwa akasema, bila kugeuka, na bega lake likaja likamwegemea.